Mdogo wangu, zawadi za Kijerumani usizirundike tarehe 25

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza utafanyaje ili mwanao asiikose Krismasi aliyoizoea Köln, Ujerumani, sasa mmeshahamia Dar. Theluji isikuumize kichwa, wala ukubwa wa zawadi. Kinachomshika mtoto wa kule ni vitu vidogo vidogo mwezi mzima, kila kimoja siku yake, tena kwa siri. Ukimwaga vyote asubuhi ya tarehe 25 kama tulivyozoea sisi, umeua utamu.

Barua ya kuomba zawadi ndiyo ya kuwahi. Watoto wa Ujerumani huandika kwenye posta ya Krismasi ya Engelskirchen kwa Christkind (Mtoto Kristo), au ya Himmelpfort kwa Weihnachtsmann (Baba Krismasi), na majibu hutumwa hata nje ya Ujerumani. Iposti mwanzoni mwa Novemba, na usisahau namba ya sanduku lenu la posta, maana jibu halitaletwa mlangoni. Chagua mleta zawadi mmoja tu. Kwa aliyetoka Köln ningebaki na Christkind. Bibi na wajomba waambie mapema, wasije wakamchanganya mtoto na mzee wa ndevu.

Kalenda ya Majilio, ya kuhesabu siku hadi Krismasi, inataka vifuko 24 vyenye namba, mtoto afungue kimoja kila siku kuanzia Desemba 1, kwa hiyo viwe vimeshaning'inizwa usiku wa Novemba 30. Chokoleti kwa joto la Dar usiiamini: inayeyuka, ikiganda tena inatoka na madoa meupe, na sisimizi wanaifikia kabla ya mtoto. Tia pipi ngumu, stika, kifutio, na katika vifuko kama vinane weka vikaratasi vya ahadi: "leo unachagua chakula cha jioni". Ahadi ya kwenda ufukweni iangukie Jumamosi, la sivyo mtaishia kwenye foleni. Na usianze kwa kishindo. Ukiweka gari la kuchezea kwenye namba 1, vifuko 23 vinavyofuata vitaonekana takataka.

Shada la Majilio, la matawi mabichi, lina mishumaa minne: Jumapili ya kwanza ya Majilio unawasha mmoja, ya pili miwili, hadi yote iwake. Wa kwanza utabaki mfupi kuliko wenzake, ndivyo inavyotakiwa. Mishumaa myembamba hupinda kwa joto, kwa hiyo nunua minene na uisimamishe juu ya visahani vya bati. Matawi ya mvinje yanafaa, ila yakikauka hushika moto upesi. Yabadilishe kila wiki.

Usiku wa Desemba 5 ni wa Nikolaus, yule mtakatifu anayejaza viatu vya watoto vizawadi. Mtoto apige kiwi viatu vyake mwenyewe. Kiatu kichafu hakijazwi. Buti si lazima, viatu vya shule vinatosha. Viweke ndani ya mlango, si barazani kwenye panya. Asubuhi akute chenza, karanga za maganda na kitu kimoja kidogo. Zawadi kubwa si ya siku hii. Nikolaus ni askofu, ana kofia ndefu na fimbo, na yule mwenzake wa kutisha watoto, Knecht Ruprecht, mimi ningemwacha hukohuko.

Sasa Bescherung yenyewe, yaani kugawa zawadi, jioni ya tarehe 24. Baada ya chakula cha mchana funga sebule kwa ufunguo na uzibe tundu la kitasa, maana atachungulia. Mmoja wenu ampeleke kanisani, mwingine apambe mti na kupanga zawadi chini yake. Köln giza huingia mapema, lakini Dar subirini saa moja, kukiwa na mwanga taa za mti hazionekani. Acha dirisha wazi kidogo, Christkind "katokea hapo". Piga kengele ndogo, kisha fungua mlango. Taa ziwe za betri, umeme usije ukakatika dakika hiyohiyo. Wimbo kwanza, halafu zawadi mojamoja, kila mtu akimtazama anayefungua. Wakifungua wote kwa mpigo, dakika tano zimekwisha.

Chakula cha usiku huo ni saladi ya viazi na soseji, kwa sababu aliyepamba mti hana muda wa kupika. Viazi vichemshe asubuhi, saladi ikae kwenye friji. Pilau na wageni ni kesho yake.

Dada yako