Kuhusu mabishano ya jana usiku

Ndugu na dada wapendwa wa kikundi, asubuhi hii nimekuta jumbe za sauti kumi na saba kuhusu Mazembe, klabu yetu ya soka ya Lubumbashi, na yule anayeshikilia kwamba tulitwaa Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 naomba akumbuke kwamba tuliifunga Internacional ya Brazil 2-0 katika nusu fainali, kisha Inter Milan ikatufunga 3-0 katika fainali, ingawa kabla yetu hakuna klabu ya Afrika iliyowahi kufika fainali hiyo. (Kipa wetu Kidiaba kurukaruka kwa makalio akishangilia mabao ni kweli tupu.) Rumba nayo, muziki wetu, iliingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, basi Brazzaville isitukanwe. Habari za vita zisizo na chanzo nitazifuta, kwa maana wengi humu wana jamaa Goma, mashariki mwa Kongo.