Msako si uvamizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno la Kiingereza "raid", ambalo waandishi wetu hulifasiri kwa pupa kuwa "uvamizi" wanapoandika habari za Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda. Kiingereza hulitumia kwa wanyang'anyi wanaoingia zizini usiku na pia kwa askari wanaopekua nyumba wakitafuta bunduki. Asili yake ni Kiskoti, lilipomaanisha safari ya kivita ya wapanda farasi, na ni mwandishi wa riwaya Walter Scott aliyelieneza upya katika karne ya 19.

Kiswahili hakina sababu ya kuubeba utata huo. Askari wanapozingira manyata, yaani makazi ya wafugaji, huko Kotido katika Karamoja kutafuta silaha, huo ni msako. Vijana wenye bunduki wanapoondoka na kundi la ng'ombe, huo ni uvamizi, na mimi nisingesita kuuita unyang'anyi. Tangu ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto, pia katika Karamoja, liporwe mwaka 1979, bunduki zimechukua nafasi ya mikuki, na tangu 2001 jeshi limeendesha operesheni za kuzikusanya, kwa hiyo mwananchi anayesoma kwamba "uvamizi umefanyika Kotido" hawezi kujua kama waliofika ni majirani waliokuja kuiba au ni wanajeshi waliotumwa na serikali.

Ama "uvamizi wa mifugo", ambao sasa umezoeleka magazetini, unanichekesha kidogo, maana mtu angedhani ng'ombe wenyewe ndio waliovamia. "Wizi wa mifugo" unatosha kabisa.

Msomaji wako,
Mbale