Mzazi wa kuruta, kazi yako haiishii stendi

Mhariri,

Majina ya makuruta, yaani wahitimu wa kidato cha sita waliopangiwa kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yakishatoka, masoko hujaa wazazi wanaosaka bukta ya bluu iliyokoza. Bukta ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Sisi tunaowalea vijana hawa shuleni na kuwapokea wakirudi tunajua kwamba kinachowasumbua sana kambini huwa kimeanzia nyumbani: ugonjwa uliofichwa, raba mpya, cheti ambacho hakikuhakikiwa.

Mafunzo haya, yanayoitwa ya mujibu wa sheria kwa kuwa ni ya lazima kisheria, yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Kwa hiyo wazazi wengi wa leo hawakupita JKT. Wanachokijua ni simulizi za kaka na wajomba zao, na simulizi za jeshi hazipungui chumvi. Kijana wako anakwenda miezi mitatu.

Vifaa hutajwa kwenye tangazo la JKT, nalo lisomwe la mwaka husika. Kwa kawaida ni bukta yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, tisheti ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, na nauli ya kwenda na kurudi. Andika jina kwenye kila nguo kwa wino usiofutika, upande wa ndani, kwa sababu bukta za kombania (kikosi kidogo ndani ya kambi) nzima zikianikwa pamoja hakuna anayeitambua yake. Anayekwenda Mafinga, asimcheke mama anayefungasha sweta. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ndiyo kipupwe chenyewe. Anayekwenda kambi za joto kama Kibiti (Pwani) au Bulombora (Kigoma) afikirie zaidi mbu.

Raba usisubiri orodha. Kati ya mtihani wa mwisho na siku ya kuripoti mara nyingi hakufiki mwezi, na raba inayovaliwa mara ya kwanza kwenye mchakamchaka hutoa malengelenge mapema sana. Inunuliwe jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na iache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Avae kila siku kwa wiki mbili, akitembea kwanza, kisha akikimbia dakika 15, akiongeza taratibu hadi 30. Lengelenge likitoka lisichunwe. Ngozi ile ndiyo bandeji, na ikitoka vumbi huingia na kidonda hufika wiki ya pili kikiwa na usaha.

Sasa la afya, ambalo wazazi wengi hulikwepa. Wapo wanaomwambia mtoto asiseme ana pumu, asije akaonekana legelege. Wapo pia wanaotafuta cheti cha ugonjwa usiokuwepo ili asiende kabisa. Wote wanafanya kosa moja: wanamnyima tabibu wa kambi habari anazozihitaji. Mwenye pumu aende na dawa mbili za kuvuta, moja abaki nayo na moja aikabidhi zahanati ya kambi. Mwenye kifafa, selimundu au vidonda vya tumbo aende na barua ya hospitali inayotaja ugonjwa, dawa na kipimo, aitoe siku ya kuripoti, si siku ya kuanguka. Kwa selimundu, baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu, na kambini vyote vitatu huja siku moja. Mwenye ulemavu unaoonekana, matangazo ya JKT yamekuwa yakimwelekeza Ruvu, Mlandizi, kambi yenye miundombinu inayomfaa.

Kuna dalili moja kila kuruta aifahamu kabla ya kupanda basi. Misuli isiyozoea ikifanyishwa kazi nzito ghafla, hasa bila maji, huvunjika na kumwaga kwenye damu vitu vinavyoumiza figo. Mkojo hugeuka rangi ya chai iliyokolea, na misuli huuma na kuvimba kupita uchovu wa kawaida. Hapo aende zahanati saa ileile, asingoje kesho. Nawasihi wazazi msijaze begi vidonge vya diklofenaki eti vya kutuliza viungo: mwili uliokaukiwa maji ukipewa dawa hizo, figo huumia zaidi. Anywe maji kidogo kidogo tangu alfajiri, asisubiri kiu.

Kwa wasichana, pedi za miezi mitatu zipelekwe zote mara moja. Pakiti sita ni hesabu ya chini. Mama amwambie mapema kwamba hedhi inaweza kuruka mwezi mmoja au miwili kwa sababu ya mazoezi na mabadiliko ya maisha. Asiyeambiwa huwa na hofu ya siri hadi mwisho wa mafunzo. (Nywele zitanyolewa. Pesa ya kusuka kabla ya safari ni hasara tupu.)

Sehemu ambayo mzazi anahitajika kuliko zote ni karatasi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, udahili wa vyuo hufunguliwa baada ya hapo, na maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo huangukia miezi hiyohiyo, wakati mtoto yuko kwenye kwata (gwaride). JKT yenyewe huwataka waende na nyaraka za udahili, na maofisa wa Bodi wamekuwa wakifika makambini kutoa maelekezo. Hata hivyo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na hilo lifanyike kabla hajaondoka. Linganisha herufi kwa herufi jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha kidato cha nne. Mohamed wa huku akiwa Muhammad wa kule, utahitaji kiapo kwa wakili. Aliyefiwa na mzazi aandaliwe cheti cha kifo, nacho huhakikiwa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne inayotumika kuomba chuo iwe ileile ya kuomba mkopo. Waliorudia mtihani hukwama hapa. Kila cheti kitolewe nakala mbili, seti moja ibaki nyumbani na nyingine aende nayo. Mkubaliane pia vyuo na kozi, kwa mpangilio, kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake, ili baba asije akamchagulia sheria mtoto aliyetaka kilimo.

Baada ya hapo kuna ukimya, na huo ndio unaowachosha wazazi. Kuruta hashiki simu apendavyo. Akariri namba mbili kichwani, ya mzazi na ya ndugu mwingine anayepokea simu ngeni. Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu, na akipata nafasi ya kupiga huenda akalia au akaomba aje achukuliwe. Msikilize, muulize miguu, mkojo na usingizi. Usianze nawe kulia. Ukipigiwa na mtu usiyemjua akisema mtoto kaanguka, tuma fedha za matibabu, usitume. Muulize jina la kambi, kombania na namba ya kuruta, kata simu, kisha ulizia kambini kwenyewe.

Siku ya paredi ya kufunga mafunzo nenda ukiweza. Mtoto atakuwa amekonda na amekuwa mweusi zaidi, na huenda usimtambue kwenye mstari. Akirudi, usimpangie ratiba wiki ya kwanza. Ataamka saa 10 alfajiri bila kuamshwa, atatandika kitanda, atafagia uwanja. Furahia haraka, maana kwa wengi hayo hayafiki hata siku ya kufungua chuo.

Mwalimu mlezi wa kidato cha sita,
Morogoro