Tiba ya mwanga kwa mabaka ya kinywani ifike Zanzibar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze tiba ambayo sisi tunaotazama vinywa vya watu kila siku tungependa ifike kwetu mapema: tiba ya mwanga kwa mabaka ya kinywani yanayoelekea kuwa saratani, na kwa saratani yenyewe ikiwa bado changa.

Mwaka juzi alikuja kwangu mama mmoja, mla tambuu tangu ujana wake, akilalamikia jino. Nilipolivuta shavu kwa kioo niliona, pale pale anapoubana uraibu, yaani hiyo tambuu, baka jeupe la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lenye kidoa chekundu ukingoni, nami nilipolifuta kwa pamba halikutoka. Nilimwandikia aende akakatwe kinyama kipimwe, lakini alikokwenda aliambiwa ni fangasi, akapewa dawa ya kusukutua. Aliporudi mwaka ulikuwa umeshapita, kinywa hakipitishi hata vidole viwili, na ikabidi aondolewe sehemu ya taya.

Baka kama lile, likishathibitishwa maabara, ndilo linaloweza kutibiwa kwa mwanga. Mgonjwa hupewa dawa, kwa mfano asidi ya aminolevuliniki, ambayo mwilini hugeuka kuwa kemikali inayoamshwa na mwanga na kujikusanya zaidi katika seli zilizoharibika. Baada ya saa chache baka humulikwa mwanga mwekundu, na dawa hiyo ikikutana na mwanga pamoja na oksijeni ya mwilini, seli hizo hufa. Mwanga hauzami ndani sana, kwa hiyo haufai kuponya uvimbe uliokwisha kula mfupa au kusambaa shingoni, na asitokee mtu akawauzia wagonjwa wa hatua hiyo matumaini ya bure. Kumulikwa huuma, na mgonjwa hulazimika kujikinga na jua kwa siku moja au mbili, lakini kovu huwa dogo, na tiba inaweza kurudiwa.

Gharama isiwe kisingizio. Huko Aligarh, India, ambako popoo na tumbaku hutafunwa kama huku, madaktari wakishirikiana na watafiti wa Massachusetts, Marekani, waliwatibu wagonjwa 30 wa saratani changa ya kinywa kwa kifaa cha bei nafuu cha taa za LED kinachotumia betri, huku kamera ya simu ikiwaonyesha dawa ilipojikusanya.

Naiomba Wizara ya Afya iwatume matabibu wetu wachache wakajifunze huko Aligarh, na kabla ya hapo ihakikishe kwamba kipimo cha kinyama kinapatikana Unguja na Pemba bila mgonjwa kuzungushwa. Nanyi mnaotafuna, baka lisilofutika ambalo limepita wiki mbili lipelekeni kwa daktari, hasa likiwa jekundu, kwani hilo ndilo la hatari zaidi, ingawa mara nyingi haliumi.

Tabibu wa meno,
Unguja