Kabla hujafungua begi

Mwanangu,

Basi lako la Tabora ni Jumatatu, na mimi usingizi umenipaa tangu Ijumaa. Babako anazunguka mtaa mzima akisema binti yake ni afisa nyuki, anakwenda Sikonge kwa warina asali. Nami najivuna, usidhani sijivuni. Ila katika kazi zote za misitu, na mwili wako ule usiostahimili sumu ya nyuki, ukaichagua hiyo?

Ya Muheza unayajua, siyarudii. Usilolijua ni kwamba mwuguzi aliponiuliza umeumwa tangu saa ngapi, nilimjibu nusu saa. Haikuwa nusu saa. Nilikuwa nimekupaka kitunguu, nikakufunika kanga ulale.

Kwa hiyo ukifika, hata begi hujafungua, nenda kituo cha afya kilicho karibu uulize kama adrenalini ipo. Wakikujibu "dawa ya mzio ipo", uliza tena, utaje jina. Setirizini inatuliza muwasho, haifungui koo. Adrenalini ndiyo inayofungua, nayo huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje.

Mwiba ukibaki mwilini uutoe papo hapo, kwa ukucha, kwa chochote, maana kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Usisimame hapo kujikagua. Harufu yake inawaita wenzake. Funika uso, kimbia, ingia ndani au garini ufunge. Majini usiruke, watakungoja juu.

Mkono kuvimba peke yake ni maji baridi na subira. Lakini sauti ikikauka, midomo ikivimba, vipele vikatoka mbali na ulipoumwa, kifua kikabana, au ukatapika na kizunguzungu juu yake, usingoje uone itakuwaje. Lala, miguu iinuliwe. Pumzi ikiwa nzito, kaa. Usiinuke kutembea, wakubebe. Na ukipata nafuu usiwatoroke waganga, kwani huweza kukurudia baada ya saa kadhaa. Nakujua kwa kusema "nimepona".

Hao utakaofanya nao kazi waambie siku ya kwanza, wajue adrenalini iko wapi. Mwaka jana uliumwa chuoni nikaja kusikia kwa shangazi yako. Hilo bado linaniuma.

Huko porini kuna mbung'o pia, nao hufuata bluu na nyeusi. Lile shati lako la bluu nimelitoa begini, usilitafute.

Bati la jikoni linavuja tena, upande wa pipa. Mbuzi mweusi kazaa wawili, mmoja dhaifu, namnywesha kwa chupa. Mdogo wako anakitaka chumba chako. Nimemwambia asubiri kwanza. Kundi la nyuki limetua kwenye mwembe, babako anasema waachwe mpaka uje uwaone. Nimemtafuta mtu wa kuwahamisha, anakuja kesho jioni, wewe ukae kwa shangazi yako mpaka amalize.

Ukifika Sikonge, nitumie kwanza jibu la adrenalini. Salamu zitafuata.

Mama