Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuwa Mkatoliki

Mdogo wangu,

Jina lako sitaliandika, unajijua. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu juzi kwenye simu tuliongea dakika arobaini, tukaagana nikiwa sijakuambia hata moja nililokusudia. Na wapo wengine wanaohangaika na jambo hilihili. Nao wasome.

Umemwambia Baba unahamia Katoliki kwa kuwa bila hivyo hamfungi ndoa. Si kweli. Hata mimi niliambiwa hivyohivyo mwaka ule naolewa Kibosho. Katekista alisema kwa uhakika wa mtu anayesoma tangazo, nikaamini, nikakaa kwenye mafundisho miezi na miezi nikiwa na jambo moja tu kichwani: tarehe ya ukumbi. Baadaye sana padri mmoja mzee akaniambia sikuwa na haja. Ipo ndoa mseto. Mchumba wako, kupitia paroko wake, anaomba ruhusa ya askofu. Anaahidi kwamba hataiacha imani yake na atafanya kadiri awezavyo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Wewe unajulishwa ahadi hiyo, basi. Unabaki na Ulutheri wako, na kwa kuwa wote wawili mmebatizwa, Kanisa linaihesabu ndoa yenu kuwa sakramenti.

Kwa hiyo ukisema umelazimishwa, unawasingizia. Tena unajibebesha aibu ya bure, maana huko kwetu Machame wameshaanza: eti mwanamume mzima anaolewa. Mimi nilipohama hakuna aliyeshtuka. Mwanamke, walisema, hana kanisa mpaka apate mume.

Ila mimi naona harusi ni kisingizio. Mwezi wa Pili nilipita Mtakatifu Yosefu, pale Posta, Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, nikakuona benchi la nyuma na begi la kompyuta magotini. Mchumba wako wiki ile alikuwa Mwanza. Wakati wa Komunyo hukuinuka. Watu walipotoka ulibaki umekaa mpaka mama wa usafi akafika kwenye benchi lako na ufagio. Sikukusalimia. Na Azania Front iko palepale, unatembea dakika chache tu, kanisa lako mwenyewe, na mnara wake naupenda kuliko wetu. Mtu anayetafuta cheti cha ndoa haendi Misa ya Jumanne.

Basi mwambie Baba hilo la Jumanne. Litamuuma zaidi, najua. La harusi angelisamehe kwa kumlaumu mwanamke.

Na usimwone Baba kuwa ni Mlutheri kwa sababu alikaa akapima hoja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1890, wakafika Kibosho 1893. Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaanza Machame mwaka huohuo wa 1893. Babu wa babu yetu angekuwa na kihamba, shamba la ukoo, ng'ambo ya mto upande wa Kibosho, leo tungekuwa tunasali rozari tangu utotoni. Imani ya Baba haipungui kwa hilo hata chembe, nimemwona anavyosali. Nasema tu kwamba katika ukoo wetu wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuchagua. Mimi sikuchagua, niliolewa.

Siku ya kupokelewa hawatakubatiza upya. Maji ya usharikani yanatosha, mradi yalimwagwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Utakiri imani, kisha utatamka kwamba unasadiki yote ambayo Kanisa Katoliki linafundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Yote. Neno hilo nililitamka nikiwaza viatu vilivyokuwa vinanibana. Maria kukingiwa dhambi ya asili, toharani wanakotakaswa marehemu, Papa kutokosea: nilivipitisha vyote kama mtu anayebonyeza "nakubali" kwenye simu. Ikanichukua miaka kuvirudia kimoja kimoja. Toharani ilinielea Mama alipofariki, kwa sababu nilitaka kumwombea, na nyimbo zote za nyumbani hazikunipa maneno ya kumwombea. La Papa bado nalizunguka. Nakuambia ili usije ukadhani sisi tulio ndani tumemaliza.

Kuungama je? Mara ya kwanza niliandika dhambi zangu nyuma ya risiti ya duka la dawa. Kule ndani giza, sioni hata herufi. Nikanyamaza. Padri akasubiri, akasubiri, kisha akauliza taratibu, "Nyumbani umemkosea nani?" Nikalia kama mtoto. Katika miezi yote ile ya mafundisho, hicho ndicho kitu cha kwanza cha Kikatoliki kilichonipata.

Jumuiya nayo, kile kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki, usiichukulie mchezo. Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, daftari la mahudhurio, daftari la michango, na mwenyekiti anayejua mpaka umelala wapi. Nimeinunia mara nyingi. Halafu msiba wa Mama, kabla sijajua nianzie wapi, masufuria yao yalikuwa yameshafika uani.

Sasa lile ambalo katekista hatakuambia. Desemba tutapanda Moshi kama kawaida, utakwenda na Baba usharikani, na ikifika Meza ya Bwana utabaki kwenye benchi, maana Mkatoliki haruhusiwi kushiriki huko. Krismasi yangu ya kwanza Baba alisimama, akanipisha nitangulie, kama alivyozoea tangu nipate kipaimara. Nikasogeza magoti pembeni ili apite yeye. Akasimama pale kidogo, mkono bado umenyooka kunionyesha njia. Kisha akapita. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumzia migomba.

Na utapewa Kipaimara tena. Atakuuliza kile alichokuchinjia mbuzi kilikuwa cha nini. Sina jibu zuri la kukuazima, mimi mwenyewe sikumjibu.

Akisema Wakatoliki wanajiokoa kwa matendo, usipandishe sauti. Mwambie kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu anatupokea kwa neema, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu yoyote. Atasema hajawahi kulisikia. Kuna mapadri nao hawajalisikia.

Ushauri wangu ni kwamba mfunge ndoa kwa ruhusa ya askofu, kama ulivyo, halafu uendelee na mafundisho bila tarehe ya ukumbi kukufukuza. Pasaka ijayo ikipita, ipo inayofuata. Ukifika wakati wako paroko atataka cheti chako cha ubatizo. Kiko nyumbani, kwenye sanduku la bati la Mama, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi zetu za kliniki. Ufunguo anao Baba. Changu nilimtuma shangazi akakichukue Baba akiwa shambani. Wewe nenda mwenyewe, ukamwombe.

Dada yako