Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: jukwaa la muziki limsemee mtoto wa kike

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Uyui. Malipo ya tumbaku yakianza kutoka, mambo mawili hushika kasi huku kwetu. Mapromota huleta wasanii kutoka Dar es Salaam, na hodi za posa huongezeka kwenye nyumba zenye mabinti. Nakuandikia nikiamini kwamba hilo la kwanza linaweza kulipunguza la pili.

Nimehudhuria mikutano ya kijiji ambako mtendaji anasoma karatasi kuhusu ndoa za utotoni. Wazee huitikia kwa adabu, kisha kila mtu anashika njia yake. Vijana wanaooa hawamo, na mabinti wanaoozwa hawamo. Lakini gari la matangazo likipita likitaja jina la msanii, hao hao hutembea kwa miguu hadi uwanjani. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha pili, vitenge kiunoni, wameng'ang'ania uzio, wakiimba beti zote bila kukosea hata msanii aliponyamaza na kuwaelekezea maiki. Mtu anayesikilizwa namna ile akisema neno moja kuhusu haki zao, litafika vijijini kabla ya barua yoyote ya halmashauri.

Imewahi kutokea kwingine. Sonita Alizadeh, binti wa Afghanistan aliyekulia ukimbizini Iran, alitakiwa na familia yake aolewe ili mahari yake isaidie kaka yake kuoa. (Hesabu hiyo ya mahari ya dada kumwolea kaka, nani hapa Tabora hajaiona?) Akarekodi rapu ya kukataa wasichana kuuzwa. Katika video aliyoitoa mwaka 2014 amevaa shela, uso una alama za kipigo, na kwenye paji la uso imechorwa mistari ya bei kama ya bidhaa ya dukani. Ile ndoa haikufungwa, naye akapata nafasi ya kusoma Marekani. Mwanamuziki Angélique Kidjo wa Benin naye alianzisha taasisi ya Batonga mwaka 2006 kwa ajili ya elimu ya wasichana wa Afrika.

Wasanii wetu hawashindwi. Kila uchaguzi tunawaona wakijaza viwanja vya kampeni. Na Tabora ni mji wa bendi za zamani za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Muziki kwetu si jambo la kuazima.

Ila kuna hili, Mheshimiwa, nalo ndilo zito. Ukimwomba msanii asemee haki, umlinde akisema yasiyopendeza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi aliipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Msanii akiuliza jukwaani serikali imefanya nini na hukumu hiyo, asiitwe mchochezi. Machi 2017 mwanarapu Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake, akaachiwa kwa agizo la Rais wa wakati huo, John Magufuli. Haifai usalama wa msanii usubiri simu kutoka Ikulu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kabla msimu ujao wa malipo haujaanza, ofisi yako iwaite mapromota na maafisa utamaduni wa wilaya zote. Mkubaliane kwamba msanii anayepanda jukwaani Tabora, iwe Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, iwe Urambo au Sikonge, apewe dakika chache na aelezwe mapema sheria inasema nini, asije akabahatisha. Aitaje namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo mtoto anapiga bure. Na pale uwanjani awepo afisa ustawi wa jamii pamoja na askari wa dawati la jinsia na watoto, wakae mahali ambapo binti anaweza kuwafikia bila shangazi yake kumwona.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mzazi wa Uyui